Takwimu zangu hazikusikizwa, kisa chake kikapigiwa makofi

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakaazi huku Kisauni, Mombasa. Mtaa wetu hufurika kila masika kwa sababu mtaro tuliojengewa unaishia kwenye kona ya duka la mkaa, mita 180 kabla ya kufika mfereji mkubwa. Mwaka huu maji yaliingia nyumba 43 kati ya 61. Nilikwenda kikao cha maoni ya wananchi na karatasi nne za takwimu, nikazisoma zote. Kufika ukurasa wa pili watu wakaanza kuzungumza yao. Baada yangu akasimama bwana mmoja wa mtaa wa jirani, anataka mulika mwizi, zile taa kubwa za kumulika mtaa usiku. Hakuwa na hata namba moja. Alisimulia binti yake alivyoporwa simu akitoka tuisheni, akanyamaza katikati, akafuta macho. Ukumbi mzima ukapiga makofi na maofisa wakaandika. Baadaye nikasikia kisa chenyewe kilitiwa chumvi. Nimesoma kwamba kuna ethosi, pathosi na logosi, lakini sijui nichanganye kwa kiasi gani. Je, watu wanapenda kudanganywa? Mimi si mtu wa kulizaliza watu, na kipaji cha kusema sina. Hata kwetu kuna nyanya mmoja maji yalimkuta kitandani usiku, ikabidi tumbebe kwenye kiti, lakini hilo sikulitaja maana si takwimu. Kikao kijacho nifanye nini?"*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile mara ya pili niliisoma kwa ajili ya sentensi moja tu, ya nyanya na kiti. Nitaifikia.

Naona umefunga mambo mawili kwa kamba moja. La kwanza ni la ufundi: kwa nini mwenzio alisikizwa na wewe hukusikizwa. La pili ndilo linalokuuma zaidi, ingawa umelificha katikati ya barua. Unaogopa kwamba ili usikizwe itakubidi uwe mtu wa namna usiyoipenda. Nikianza na hilo la pili, uoga wako umesimama juu ya dhana kwamba namba ni ukweli na hisia ni ujanja. Dhana hiyo si kweli. Namba hudanganya vilevile, tena kwa uso mkavu. Mtu akikwambia asilimia 70 ya nyumba za mtaa zilifurika, halafu ukagundua alihesabu nyumba za bondeni peke yake, amekudanganya bila ya kutoa chozi.

Nadhani pia umelelewa, kama nilivyolelewa mimi, na ile methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri kwa kuozesha binti, lakini kwa kutetea mtaro haifai. Nenda sokoni asubuhi ukamsikilize muuza samaki hodari. Akimwona mteja anasitasita, hufunua shavu la samaki kwa kidole gumba na kusema: "Mama, changu huyu kashuka alfajiri. Tazama matamvua, bado mekundu. Mimi nakuuzia kila Ijumaa, nikupe wa jana uaibike mbele ya wageni wako?" Sentensi tatu. Matamvua mekundu ni hoja, tena ya kuonwa kwa macho. "Nakuuzia kila Ijumaa" ni yeye mwenyewe kujiweka rehani. Na wale wageni ni hofu ya mama kuaibika mezani pake. Hakupima kijiko cha hiki na kijiko cha kile, wala huwezi kuitoa moja ukabaki na mauzo. Samaki akiwa wa jana, matamvua yatamuumbua. Akiwa wa leo, amesema kweli kwa njia tatu.

Hayo ndiyo Aristotle, Myunani aliyeishi 384 hadi 322 kabla ya Kristo, aliyoyapa majina uliyoyasoma. Ethosi ni jinsi msemaji anavyoaminika, pathosi ni hali anayowatia wasikilizaji, na logosi ni hoja yenyewe. Wala usidhani ni elimu ya kizungu iliyoletwa na meli juzi: mwanafalsafa wa Kiislamu Ibn Rushd (1126 hadi 1198) alikisherehesha kwa Kiarabu kitabu cha Aristotle cha ufundi wa kusema, Retorika, na wanazuoni wa balagha, elimu ya ufasaha ya Kiarabu, ambao huenda mwalimu wako wa chuoni alikutajia, wana fasili yao ninayoipenda kuliko zote. Wanasema balagha ni maneno kuafikiana na kile hali inachotaka.

Karibu na mwanzo wa kitabu chake Aristotle anasema neno ambalo wewe hasa unalihitaji. Anasema kweli na haki kwa asili zina nguvu kuliko vinyume vyake, kwa hiyo zikishindwa mbele ya waamuzi, lawama ni ya walioziwakilisha. Ni neno chungu, nalijua. Lakini lina matumaini ndani yake, kwani kama kosa lilikuwa kwenye uwakilishi, linarekebishika.

Sasa tuje kwenye karatasi zako nne. Umezoea kuziita hoja. Namba 43 ni habari, haijawa hoja bado. Hoja huzaliwa habari inapokutana na jambo ambalo msikilizaji tayari analiamini moyoni mwake. Aristotle aliita hoja ya namna hii entimema: msemaji huacha ngazi moja wazi, na msikilizaji huipanda mwenyewe. Akishaipanda, anaiona hoja ni yake. Maofisa waliokaa pale mbele wanaamini nini? Wanaamini kwamba pesa za umma zilizokwisha kutumika zisipotee, na kwamba wao watakuja kuulizwa. Wewe una jambo linalokwenda moja kwa moja hapo, na umelitaja kwenye barua yako kama mtu anayeelekeza njia: mtaro unaishia kwenye kona. Yaani mtaro umejengwa, umelipiwa, na haufanyi kazi uliyolipiwa kwa sababu ya mita 180. Huna haja ya kumalizia "kwa hiyo fedha zinapotea". Waache wamalizie wao. Hiyo moja ina uzito kuliko kurasa zako zote, na asilimia 70.5 (umeniambatishia hotuba, nimeiona) haimsaidii mtu yeyote. Masikio hayana mahali pa kuweka nukta tano.

Namba hizo zisitupwe. Zihamishie kwenye waraka utakaowaachia mkononi, pamoja na orodha ya nyumba na picha zenye tarehe. Jicho hurudi nyuma kwenye mstari, sikio haliwezi.

Ethosi naipita upesi kidogo, ingawa ndiyo Aristotle aliyoiona huenda ina nguvu kuliko zote. Wengi hudhani ni cheo, au vyeti, au kusema "mimi kama katibu". Yeye alisema wazi kwamba imani hiyo inapaswa kuzaliwa na maneno yenyewe, isitokane na sifa alizokuwa nazo mtu kabla ya kufungua kinywa. Na akaigawa: msikilizaji anataka kuona busara, uadilifu, na nia njema kwake yeye. Hiyo nia njema ndiyo uliyoikosa, mwanangu. Hotuba yako inaanza na "Licha ya malalamiko yetu ya mara kwa mara kupuuzwa na ofisi husika". Huenda ni kweli tupu. Lakini umemwambia mtu, kabla hujamwomba, kwamba humtarajii chochote. Umemfunga mlango, kisha ukaanza kubisha.

Kuna njia fupi ya kujenga uadilifu, na watu huikimbia: sema kosa la upande wako kabla hawajalisema. Kila mtaro wa Mombasa una chupa na mifuko ndani yake, na kila ofisa anayesikia habari za mafuriko hujisemea kimoyomoyo, "mnatupa taka wenyewe". Asipoisikia kwako, ataing'ang'ania mpaka mwisho wa kikao na hatasikia jingine.

Pathosi ndiyo niliyotaka kukaa nayo. Aristotle mwenyewe aliwakemea waandishi waliomtangulia kwa kushughulika na kuwachochea mahakimu kuliko na kesi yenyewe. Alisema kumpotosha hakimu kwa hasira, kijicho au huruma ni kama kuipinda rula unayotaka kupimia. Fundi seremala yeyote wa Majengo atakuelewesha hilo: ukipinda kipimo, hata ubao ulionyooka utaukata mshazari. Wengi huisoma sentensi hiyo wakafunga kitabu, wakaondoka na dhana uliyonayo wewe. Lakini mtu huyohuyo alitumia sehemu kubwa ya kitabu cha pili cha kazi hiyo kueleza hisia moja moja, huruma, hasira, aibu, woga, kwa makini ya tabibu. Kwa nini? Kwa sababu kuna hisia inayopinda rula, na kuna hisia ambayo ndiyo kuona sawasawa. Mtu akiambiwa ajuza amebebwa usiku ndani ya maji asihisi kitu, huyo hajaelewa alichoambiwa.

Huruma, anasema, ni uchungu tunaoupata kwa kuona balaa limemkuta asiyestahili, balaa ambalo sisi wenyewe au watu wetu twaweza kulitarajia. Tazama sehemu zake. Asiyestahili. Na laweza kunifika mimi. Bwana wa mulika mwizi alizipata zote mbili, pengine bila kujua: binti anatoka kusoma, na nani pale ukumbini hana binti, dada au mpwa anayerudi magharibi? "Nyumba 43" haina mtu wa kuonewa huruma, maana hakuna aliyewahi kukutana na nyumba 43.

Kuna pia hasira. Yeye aliiona inatokana na dharau, mtu kuhisi amedharauliwa pasipo haki. Ukiwataka wakaazi wakushangilie, wakumbushe walivyodharauliwa na utapata makofi ya kutosha. Lakini waliopiga makofi si wanaoandika bajeti. Wasemaji wengi wa mitaani wanapotea hapa: wanaupata ukumbi na kuikosa meza ya mbele.

Na kile kisa kilichotiwa chumvi? Kama ni kweli kilitiwa, basi hiyo ni dhambi ya chumvi. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: je, wasikilizaji wangejua yote unayoyajua wewe, hisia uliyowatia ingebaki? Ingebaki, umewasaidia kuona. Ingegeuka kuwa hasira juu yako, umewapinda. Ila usimhukumu mwenzio haraka. Umesikia "baadaye", na mtaani habari za baadaye nazo hutiwa viungo vyake.

Sasa nyanya. Umesema hukumtaja kwa sababu si takwimu. Mwanangu, huyo ndiye ushahidi wako mkubwa kuliko wote. Ni jambo lililotokea, lina saa, lina mashahidi waliobeba kiti. Ni hoja na ni huruma kwa pamoja. Lakini kabla hujakimbia naye ukumbini, nikupe kisa changu mwenyewe. Zamani nilisema kwenye harambee ya kumsomesha kijana mmoja yatima. Nikaeleza jinsi mama yake alivyokuwa akikopa unga kwa jirani na kulala bila ya taa. Kila neno kweli. Pesa zikapatikana zote jioni ileile. Yule mama alikuwa amekaa nyuma, na tangu siku ile tukikutana njiani hutazama upande wa pili. Nilimvua sitara mbele ya watu wake bila kumuuliza, na hakuna kiasi cha ada kinachoirudisha. Kwa hiyo mwendee nyanya kwanza. Jina lake halihitajiki, wala picha yake. Akikataa, una kile kiti chenyewe: "tulilazimika kumbeba mgonjwa kwenye kiti" kama kuna mwingine aliyebebwa, na kama hakuna, iache.

Nimejaribu kuandika namna ungeweza kuanza. Yasiyo kweli yafute, hasa ile ya Jumamosi, ambayo nimeibuni. Kama hamjawahi kuuzibua mtaro, anzeni kabla ya kikao, au msiseme.

"Waheshimiwa, assalaam aleikum, na wote hamjambo. Mtaro mliotujengea unaishia kwenye kona ya duka la mkaa. Kutoka pale hadi mfereji mkubwa ni mita 180. Tumepima wenyewe kwa kamba. Maji yakifika kwenye ile kona hayana pa kwenda, yanaingia majumbani. Masika haya yaliingia nyumba 43. Katika moja alikuwa amelala nyanya yetu. Tulimtoa saa nane usiku, amekaa kitini, vijana wanne wamembeba. Najua mtasema wakaazi hutupa taka mtaroni. Ni kweli, tumetupa. Sasa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunauzibua, na majina ya waliofanya kazi ninayo hapa. Tunachoomba ni hizo mita 180."

Chini ya dakika moja na nusu. Sasa niambie, "tumepima wenyewe kwa kamba" ni logosi au ethosi? Ni hoja, kwa kuwa inaeleza namba ilikotoka. Ni ethosi, kwa kuwa wamewaona watu waliochuchumaa kwenye matope na kamba mkononi. Kwa hiyo swali lako la kuchanganya kwa kiasi gani halina jibu, na anayekuuzia kipimo cha theluthi kwa theluthi anakupotezea muda. Ona pia nyanya alivyopewa sentensi mbili basi. Hakuna "ebu fikirieni angekuwa mamako". Ukishamwonyesha mtu kile kiti, nyamaza, akitazame.

Nisikufiche: huenda hata ungesema hivi siku ile usingepata. Inawezekana mulika mwizi ilikwisha kuingizwa kwenye mpango kabla ya kikao, au ni ya bei nafuu, na machozi hayakuamua kitu. Usikubali haraka kwamba ulishindwa kwa maneno. Kuna jambo la nne Wayunani waliita kairosi, wakati wake, nalo katika kaunti zetu lina tarehe. Chini ya sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili, kwa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai. Angalia ubaya wake: maji yanaingia kwenu Aprili na Mei, wakati roho za watu zimewaka, na vitabu ndivyo vinafungwa. Agosti, unapotakiwa kuwa ofisini na waraka wako, kumekauka, na hata nyinyi wenyewe mmesahau. Ndiyo maana picha za Mei zitunze, na alama ya maji iliyobaki ukutani musiipake rangi. Na ukitaka kujua mtaro wenu umo kwenye mpango au haumo, andika barua ya kuomba habari chini ya sheria ya 2016 ya haki ya kupata habari. Inawapa siku 21 kukujibu.

La kipaji silioni kubwa. Sauti ndogo mbele ya maikrofoni hufanya watu wanyamaze. Kilichokuangusha ni kusoma ukiwa umeinamisha kichwa, na dawa yake ni kuisema hotuba kwa sauti mara kumi jikoni, mara mbili mbele ya jirani mkorofi. Lakini kama unaposimama pumzi inakata, moyo unakwenda mbio mpaka unakwepa vikao kwa miezi, au ulimi unakwama tangu utotoni, hilo si la kuandikiana barua. Muone mshauri nasaha, au mtaalamu wa matamshi hospitalini, uso kwa uso. Na kama unakusudia kumtaja mkandarasi au ofisa kwa jina kwamba alikula pesa za ule mtaro, usiliseme ukumbini kabla ya kukaa na wakili. Kashfa ina kesi yake, na itaumeza mtaro wenu mzima.

Siku ya kumwomba nyanya idhini, usimsomee zile sentensi zake mbili peke yake. Msomee hotuba yote, polepole, ukiwa umekaa. Akisema ondoa kiti, ondoa kiti.